Bega la kushoto limegoma kupanda: nivutwe tena?

*"Assalaam alaikum. Nina miaka 53, naishi Majengo hapa Mombasa, na riziki yangu ni mahamri na viazi karai vya asubuhi. Sukari ninayo, mwaka wa sita sasa, natumia vidonge. Huu ni mwezi wa nane bega langu la kushoto linaniuma. Lilianza kidogo kidogo, sikuanguka wala sikubeba kitu kizito. Usiku ndio balaa, nikilalia upande ule nashtuka kama nimechomwa. Sasa mkono haupandi. Takbira naipiga kwa mkono mmoja, sidiria nafungiwa na binti yangu, na naona haya kusema, lakini hata chooni mkono wa kushoto haufiki nyuma. Nimepigwa picha, nikaambiwa mifupa ni mizima. Nimechomwa sindano nyingi za maumivu za makalio, zinatuliza siku mbili tu. Bibi mmoja anayekanda anasema bega limeteguka na mishipa imepandana. Amenivuta mara tatu, na mara ya mwisho wanangu walinishika, ikalia 'ka!', na mimi nikalia. Tangu siku hiyo yamezidi, na bibi anataka kunivuta tena. Mwanangu naye ananionyesha video za watu wanaoalishwa viungo wakainuka wamepona. Je, bega limetoka? Nivutwe? Hiyo fiziotherapia ya mikono ina tofauti gani na kukandwa, na itanisaidia au mwisho wake ni kupasuliwa?"*

Waalaikum salaam dada yangu, na pole sana. Nianze na lile la haraka: usivutwe tena. Hata kama bibi huyo ni jirani mwema na mikono yake imewafaa wengi, bega hili usimpe. Sababu nitazieleza taratibu, lakini hilo nilitaka likufikie kwanza, maana umeandika kwamba anakungoja.

Mimi sijakushika, kwa hiyo ninachosema kinatokana na maelezo yako. Maelezo yako hata hivyo ni mazuri kuliko ya wagonjwa wengi wanaokaa mbele yangu. Umri wako, sukari, maumivu yaliyoingia bila ajali, usiku usiolalika, kisha mkono kuanza kukataa juu, kando na nyuma kwa pamoja: yote haya yananielekeza kwenye bega lililoganda. Jina hilo lilitolewa mwaka 1934 na daktari wa Marekani, Ernest Codman, aliyekiri kwamba ugonjwa huu ni mgumu kuuelewa na mgumu kuutibu. Wajapani wana jina lao, maana yake "bega la miaka hamsini", kwa kuwa huwapata zaidi watu wa kati ya miaka 40 na 60, na wanawake kuliko wanaume. Kwa hiyo hukurogwa, hukuingiwa na baridi ya feni, wala hujaadhibiwa kwa kuamka saa kumi alfajiri kukanda unga.

Je, limetoka? Bega likiteguka huwezi kulibeba miezi minane ukiendelea kuuza mahamri. Mara nyingi umbo lenyewe hubadilika, ule mviringo wa juu unakuwa bapa, na mtu hushika mkono wake kama mtoto mchanga. Na picha yako inasema mifupa iko mahali pake. Kuna tahadhari moja tu ambayo lazima niiseme. Bega likitoka kwa kwenda nyuma, picha iliyopigwa kutoka mbele peke yake inaweza kulikosa, na mkono hukataa kufunguka nje vilevile kama wako. Hilo hutokea baada ya kuanguka vibaya, kupigwa na umeme, au kupata kifafa. Wewe husemi umeanguka. Lakini unatumia vidonge vya sukari, na sukari ikishuka mno inaweza kumletea mtu degedege, hata usingizini. Kama hilo limewahi kukupata mwaka huu, mwambie atakayekupima, naye ataomba picha ya upande.

Na ile "ka!" iliyowatuliza wanao? Kiungo kikivutwa ghafla, gesi iliyoyeyuka ndani ya maji yake hujitenga ikafanya povu, na hapo hutoka mlio, ule ule wa kualisha vidole. Haumaanishi mfupa umerudi, maana haukuwa umeondoka. Wakati mwingine mlio katika bega kama lako ni kitu kinachochanika, na maumivu yaliyozidi baada yake yanafaa kuchukuliwa kwa uzito. Niliwahi kumpokea mvuvi mmoja, mtu mzima, aliyevutwa hivyo hivyo na watu wawili. Mfupa wa mkono ulikuwa umevunjika shingoni, chini kidogo ya kichwa chake. Aliingia akiwa na bega gumu akatoka na bega gumu lililovunjika. Ndiyo maana nakuomba upigwe picha nyingine kabla ya tiba yoyote, kwa kuwa ile ya kwanza, nadhani, ilitangulia mvuto wa tatu.

Sasa nikueleze kilichomo ndani, kwa sababu ukishaelewa hapa, mengine yote yatajieleza. Kiungo cha bega kimefunikwa na mfuko laini unaoshika kutoka kwenye kombe la bega hadi kwenye kichwa cha mfupa wa mkono. Upande wa chini, kwapani, mfuko huo una mkunjo wa ziada unaolegea mkono ukiwa chini na kukunjuka mkono ukipanda. Fundi wa kanzu anaelewa vizuri jambo hili. Chini ya mkono wa kanzu hushona kipande cha nguo kinachoitwa kikwapa, na bila hicho mvaaji hawezi kuinua mkono, hata awe na nguvu za kubeba magunia. Katika bega lako, kikwapa cha ndani kimevimba, kikawa kinene, kisha kikajikunja. Mfuko wa bega lenye afya huingia maji mililita 15 hadi 30 hivi. Bega lililoganda mara nyingi halifiki 10. Daktari Julius Neviaser alipofungua mabega ya aina hii na kuandika habari zake mwaka 1945, alikuta mfuko huu mnene, uliokaza, umeshikamana na kichwa cha mfupa.

Mishipa haikupandana, basi. Misuli yako nayo haina kosa. Imekaza kulinda kiungo kinachouma, kama unavyokunja mguu uliokanyaga mwiba. Ukikandwa juu ya misuli unapata raha kidogo, nami siibezi raha hiyo, lakini mikono ya mkandaji haijaufikia mfuko. Na ukivutwa kwa nguvu, mfuko uliovimba unachubuka, unavimba upya, na mwili unaziba michubuko kwa kovu, yaani unashona kikwapa kile kile tunachotaka kikunjuke.

Sukari inaingia wapi? Nyuzi zinazounda mfuko wa kiungo, kano na ngozi ni za protini iitwayo kolajeni. Sukari ikikaa juu kwa miaka, hujibandika kwenye nyuzi hizo na kuzifunga moja kwa nyingine, zikapoteza mnyumbuko. Katika watu 100 wa kawaida, 2 hadi 5 hupata bega hili maishani. Kwa wenye kisukari ni zaidi ya 10. Bega lao pia huganda zaidi na huchelewa kulegea, na wengine hupata la pili baada ya la kwanza. Hapa Mombasa nimefikia mahali kwamba mtu akiniletea bega gumu lisilo na ajali, swali langu la tatu au la nne ni lini alipima sukari mara ya mwisho. Wapo waliogundua kisukari chao kwa njia hiyo, walikuja kwa bega wakaondoka na barua ya kliniki. Wewe unajua unayo, kwa hiyo swali langu kwako ni hili: kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu kinasema nini? Ukikijua nami nikakijua, nitaweza kukuambia kwa ukweli zaidi safari yako itakuwa ndefu kiasi gani. Tezi ya shingo nayo huambatana na ugonjwa huu, na ni vizuri ipimwe siku hiyo hiyo.

Ugonjwa huu una majira yake. Kwanza huja msimu wa maumivu, ambao huchukua miezi michache hadi tisa, na hapo mkono unaanza kupungua mwendo huku usiku ukiwa mrefu. Kisha msimu wa ugumu, maumivu yanapungua lakini mkono umekataa. Halafu kulegea polepole. Kwa jumla ni mwaka mmoja hadi mitatu. Zamani tuliwaambia wagonjwa, na mimi pia niliwaambia, kwamba wote hupona kabisa wenyewe. Siku hizi sisemi hivyo. Wengi hurudi vizuri, lakini si wachache wanaobaki na upungufu kidogo, na wenye kisukari wako mbele katika kundi hilo. Wewe, kwa kuwa bado unashtuka usiku, naona uko mwisho wa msimu wa kwanza ukiingia wa pili, na nashuku ile mivuto mitatu imekurudisha nyuma.

Unaweza kujipima hapo ulipo. Simama, viwiko vyote viwili vishike mbavu, vikunje kama umebeba sinia. Sasa fungua mikono kwenda nje kama milango miwili ya dirisha, viwiko visiachane na mbavu. Wa kulia utafunguka vizuri. Wa kushoto ukigoma karibu na pale ulipoanzia, mwombe binti yako ausukume taratibu, kidogo tu, wewe ukiwa umelegea. Kama naye anakuta ukuta, basi tatizo liko kwenye mfuko. Kama yeye anaweza kuufungua lakini wewe mwenyewe huwezi, tunafikiria jambo jingine, labda kano iliyochanika. Huu mwendo wa kufungua nje ndio wa kwanza kupotea katika bega lililoganda, kwa sababu sehemu ya mbele ya mfuko, pale juu karibu na shingo ya bega, ndiyo inayonenepa mapema. Takbira inauhitaji, ndiyo maana umeikosa.

Ukienda kwa mtaalamu wa fiziotherapia, hivi ndivyo ziara ya kwanza inavyopaswa kuwa. Kwanza atauliza sana. Kisha atataka kuona mabega yote mawili, kwa hiyo vaa blauzi ya mikono mifupi chini ya buibui, na una haki ya kuomba mtaalamu mwanamke na kubaki na binti yako chumbani. Atakutazama ukiinua mkono, naye atajua kama unadanganya kwa kupandisha kombe la bega kwenda sikioni, jambo ambalo kila mwenye bega hili hufanya bila kujijua. Atapima mwendo kwa kipimapembe na kuandika digrii. Dai zile namba. Miezi miwili baadaye, utakapohisi hakuna kilichobadilika, ndizo zitakazokuonyesha kwamba kutoka digrii 10 umefika 25. Atakagua pia shingo yako, kwa kuwa maumivu ya shingo hupenda kujificha begani. Asiyekupima hivyo, akaanza moja kwa moja kukubandika waya za umeme na taa ya joto kisha akakuambia urudi kesho, tafuta mwingine.

Halafu mikono. Utalala chali, mto chini ya kiwiko. Atashika kichwa cha mfupa wa mkono, karibu kabisa na kiungo, hatashika kifundo cha mkono. Hapa ndipo penye tofauti kubwa na kuvutwa: anayekuvuta kwa kiganja anatumia mkono wako mzima kama wenzo, na nguvu ndogo ya kwake inakuwa nguvu kubwa mno ndani ya bega. Mtaalamu anatelezesha kichwa cha mfupa ndani ya kiungo kwa milimita chache, kwenda chini au nyuma, kwa mapigo ya taratibu yenye mdundo. Geoffrey Maitland, mtaalamu wa Australia aliyeijenga njia hii katika karne iliyopita, aliigawa kwa madaraja manne. La kwanza ni mwendo mdogo mwanzoni kabisa, ambapo hakuna kizuizi. La pili ni mwendo mpana zaidi ambao bado haujagusa kizuizi. La tatu linaingia ndani ya kizuizi na kutoka. La nne ni mwendo mdogo pale pale mwisho. Kwa hali yako ya sasa, ningeanza na la kwanza na la pili, ambayo kazi yake ni kutuliza: mapigo hayo yanaupelekea ubongo habari nyingine mbali na maumivu, na misuli inayolinda inaachilia. Msimu wa ugumu ukishafika na usiku umetulia, napanda hadi la tatu na la nne, na hapo ndipo mfuko unaponyooshwa, wiki baada ya wiki, ili nyuzi zake zijipange upya.

Kwa hiyo tofauti kubwa na kukandwa iko kwenye kipimo, yaani mkono unaojua usimame wapi leo na uende wapi mwezi ujao. Alama tunayoitumia ni rahisi na wewe pia uishike: maumivu ya baada ya tiba yakiisha kabla hujalala, kipimo kilikuwa sawa. Yakikukuta asubuhi yamezidi ya jana, kilizidi, na unapaswa kumwambia mtaalamu bila kumwonea haya.

Ushahidi unasemaje? Kuna utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2006, wagonjwa 100, uliolinganisha madaraja ya juu na ya chini. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na la juu lilitangulia kidogo. Mwingine wa huko huko, mwaka 2004, wagonjwa 77, ulilinganisha tiba ya kunyoosha kwa nguvu kupita maumivu na njia ya upole: kumweleza mtu ugonjwa wake na kumpa mazoezi yasiyovuka maumivu. Baada ya miaka miwili, 89 katika kila 100 wa kundi la upole walikuwa na bega karibu na la kawaida, na 63 tu katika kundi la nguvu. Huu wa pili nilipousoma mara ya kwanza uliniuma, kwa sababu nilikuwa kijana mwenye mikono yenye nguvu na nilidhani nguvu ni bidii. Sasa niko upande wa upole kwa bega linalouma usiku, na nasogea mbele kwa bega lililokwisha kutulia.

Mikono peke yake hata hivyo haitoshi, nami nisingependa ulipe ziara ishirini ukidhani inatosha. Kuna sindano, na hapa watu huchanganya. Sindano ulizochomwa makalioni ni za kutuliza maumivu mwili mzima, hazikulengwa bega. Dawa za jamii hiyo zikirudiwarudiwa huumiza figo na tumbo na kupandisha presha, na mwenye kisukari figo zake tayari zinahitaji kulindwa. Usichomwe nyingine kabla hujazungumza na daktari wa kliniki yako. Sindano ninayoizungumzia mimi ni ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, inayoingizwa ndani ya kiungo chenyewe. Katika msimu wa maumivu inafanya kazi nzuri ya kukurudishia usingizi, hasa wiki sita za mwanzo na wakati mwingine miezi mitatu minne, na dirisha hilo ndilo la kufanyia fiziotherapia. Gharama yake kwako ni kwamba sukari itapanda kwa siku kadhaa, pengine wiki. Kama sukari yako haijatulia, itulizwe kwanza. Kama imetulia, pima kila siku baada ya sindano na kliniki ijue mapema. Kwa maelezo yako, ningekushauri uulize habari zake.

Upasuaji uko, lakini uko mbali. Madaktari wanaweza kujaza kiungo maji kwa sindano ili kukitanua, wanaweza kukulaza kwa dawa ya usingizi na kulifungua bega, au kuingia kwa kamera na kuukata mfuko. Mwaka 2020 ulitoka utafiti mkubwa wa Uingereza, wagonjwa 503 katika hospitali 35, uliolinganisha kufungua bega chini ya usingizi, kukata kwa kamera, na fiziotherapia iliyopangwa pamoja na sindano ya steroidi. Baada ya mwaka mmoja wote walikuwa wamepata nafuu kubwa na hakuna njia iliyozishinda nyingine kwa kiasi cha mgonjwa kuona tofauti ya maana. Ndiyo maana tunaanza na iliyo nyepesi. Kumbuka pia kwamba hata kule wanakolifungua bega kwa nguvu, wanafanya hivyo mgonjwa akiwa amelazwa usingizi, misuli imelegea, na picha ipo. Hakuna uhusiano na watu wawili kukushika kitandani.

Zile video anazokuonyesha mwanao, nyingi ni za shingo na migongo, na raha ya pale pale ni ya kweli. Mapigo ya ghafla hutuliza maumivu kwa saa au siku. Mfuko uliojikunja kwa miezi minane haukunjuki kwa sekunde moja.

Nyumbani, fanya haya kila siku, dakika tano tano, mara tatu au nne. Kwenye ile meza unayokandia unga, tandika kitambaa, weka kiganja cha kushoto juu yake, kisha kisukume mbele kama unafuta meza huku kiwiliwili kikifuata, hadi uhisi kuvutika, rudi. Kukanda unga kwenyewe, ukiwa umesimama na meza iko chini ya kiwiko, ni zoezi zuri, endelea. La pili: inama, mkono wa kulia umeshika kiti, wa kushoto uuachie uning'inie, uuyumbishe kama kamba ya ndoo kisimani. La tatu, chukua mpini wa ufagio kwa mikono yote miwili, viwiko mbavuni, na wa kulia uusukume wa kushoto kufunguka nje, pole pole. Lile la kupitisha leso nyuma ya mgongo na kuvuta juu liache kwanza, halina faida bega likiwa linawaka. Usiku lala chali au ubavu wa kulia, na mto mbele yako wa kuubeba mkono wa kushoto usining'inie. Kwenye matatu shika chuma kwa mkono wa kulia. Kukuna nazi mwachie binti yako kwa sasa.

Maji moto unaweza kutumia kabla ya mazoezi, lakini jaribu joto kwa mkono wa kulia, na usilalie chupa. Kisukari hupunguza hisia, na nimeona malengelenge ya chupa ya maji moto yaliyochukua muda mrefu kupona kuliko maumivu yaliyokuwa yakitibiwa.

Kuna mambo yasiyongoja miadi. Bega likiwa jekundu, la moto, nawe una homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu usaha ndani ya kiungo kwa mwenye kisukari ni dharura. Maumivu ya bega la kushoto yanayokuja ukipanda ngazi au kutembea haraka, pamoja na jasho, kifua kubana au pumzi kukatika, hayo ni ya moyo mpaka yathibitishwe vingine. Kukonda, kutoka jasho usiku na kikohozi kisichoisha kunataka kifua kipimwe, kifua kikuu kikiwamo, nacho huweza kukaa hata ndani ya kiungo. Ganzi inayoshuka hadi vidoleni, au mkono uliokosa nguvu kabisa tangu ile siku ya "ka!", nayo isisubiri.

Hapa Mombasa, idara ya fiziotherapia iko katika hospitali ya Coast General, na kliniki nyingine zipo mjini na ng'ambo. Tangu sheria ya mwaka 2014, kila mtaalamu wa fiziotherapia nchini Kenya anapaswa kuwa amesajiliwa na baraza lao. Omba kuona leseni ya mwaka huu. Anayestahili haoni vibaya. Beba ile picha, kadi ya sukari na vidonge vyenyewe. Uliza mpango ni wa ziara ngapi na utapimwa upya lini. Mara moja au mbili kwa wiki kwa wiki sita, kisha kipimo, ni mpango wa busara. Baada ya hapo kama digrii hazijasogea na usiku haujatulia, ombeni rufaa kwa daktari wa mifupa.

Bibi wa kukanda usigombane naye. Mwambie daktari amekataza kuvuta, lakini mgongo na shingo anaweza kukupaka mafuta ya nazi kwa mkono mwepesi. Vitakuwa vimechoka kulisaidia bega.

Na lile uliloliona haya, nimefurahi umelisema, kwa sababu mwendo wa mkono kufika nyuma huwa ndio wa mwisho kurudi, na wanawake wengi wananiletea jambo hilo baada ya miezi, kwa sauti ya chini, wakiwa wameshika kitasa cha mlango kuondoka. Kwa sasa tumia mpira wa maji au kopo lenye mdomo mrefu, umimine kwa mkono wa kulia na wa kushoto upitie mbele badala ya nyuma, ukiwa umekaa kwa kuinama kidogo. Mwambie mtaalamu siku ya kwanza kabisa, aliandike kwenye malengo yako pamoja na takbira na sidiria.